Wasifu Mfupi wa Kongamano: Uanze na Cheo au Uanze na Kazi?

Barua pepe ya kukubaliwa kwa ikisiri, ule muhtasari wa makala unaotumwa kwa waandaaji wa kongamano, huja na furaha yake, lakini mstari wake wa mwisho ndio humkwamisha msomi: tuma wasifu wako usiozidi maneno 100 kabla ya Ijumaa. Mtu aliyeitunga ikisiri kwa wiki tatu, akiipima neno baada ya neno, huuandika wasifu huo kwa dakika kumi akiwa ndani ya matatu ya kutoka Kakamega kwenda Kisumu, kwa kunakili aya ya kwanza ya wasifukazi wake na kuikata pale maneno yanapotimia 100. Kwa miaka kadhaa nimekaa katika kamati za maandalizi ya makongamano madogo ya kitaaluma huku kwetu, mara Kisumu, mara Nakuru, na kazi yangu imekuwa kuzipokea wasifu hizo, kuzihariri na kuzipanga katika kijitabu cha programu. Ukiondoa tofauti ndogondogo, huwa ni za namna mbili tu. Namna ya kwanza huanza na cheo, shahada na taasisi ya mwandishi. Namna ya pili huanza na jambo analolichunguza, na cheo hufuata baadaye. Hapa nitaziweka bega kwa bega, kisha nieleze ni wapi kila moja inafaa, kwa sababu uamuzi wa sentensi ya kwanza ndio huamua karibu kila kitu kinachofuata.

Kwa nini wengi hukimbilia cheo

Aliyepitia insha za Kiswahili katika shule ya upili nchini Kenya anakumbuka tofauti aliyofundishwa: wasifu ni maelezo ya maisha au sifa za mtu mwingine, na tawasifu ni mtu kujieleza mwenyewe. Wasifu wa kongamano hauingii sawasawa katika kapu lolote kati ya hayo mawili. Unauandika wewe, lakini unaandikwa kana kwamba ameuandika mwingine, na atakayeusoma kwa sauti ni mwenyekiti wa kikao ambaye huenda mnaonana kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Ni tawasifu iliyovaa joho la wasifu, na ugumu wake unaanzia hapo.

Ugumu huo una mizizi katika malezi yetu pia. Tumelelewa tukiambiwa kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mtu mzima anayejisifu mbele ya watu huonekana hakufundwa. Neno lenyewe halitusaidii, kwani wasifu na sifa yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, na sikio la Mswahili likisikia wasifu husikia kusifu. Kumbe maana ya asili ya mzizi huo ni kueleza kitu kilivyo. Msomi anayeogopa kujisifu hukimbilia cheo kwa sababu cheo alipewa na wengine: chuo kilimtunuku shahada, idara ikamwajiri, jarida likamchapisha, naye anaorodhesha tu. Naiheshimu haya hiyo. Hata hivyo, kueleza kazi unayoifanya si kujisifu pia, na msikilizaji anaihitaji kazi hiyo kuliko orodha ya waliokutambua.

Mtu mmoja, wasifu mbili

Tumwite mtafiti wetu Fulani. Anatoka magharibi mwa Kenya, anasomea shahada ya uzamifu katika jiografia, na ametumiwa ombi la wasifu usiozidi maneno 100. Akifuata njia ya cheo, ataandika hivi:

«Fulani ni mwanafunzi wa shahada ya uzamifu na mhadhiri wa muda katika Idara ya Jiografia ya chuo kikuu cha umma magharibi mwa Kenya. Ana shahada ya kwanza ya elimu na shahada ya uzamili ya masomo ya mazingira. Alifundisha katika shule ya upili kwa miaka sita kabla ya kurejea chuoni. Amewasilisha makala katika makongamano manne na kuchapisha makala mbili katika majarida ya kitaaluma. Ni mwanachama wa vyama viwili vya wanajiografia. Maeneo yanayomvutia ni mazingira, jinsia, maendeleo, uvuvi na mabadiliko ya tabianchi.»

Akifuata njia ya kazi, ataandika hivi kuhusu gugumaji, mmea unaoelea na kuziba njia za mashua katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria:

«Fulani anachunguza jinsi gugumaji la Ghuba ya Winam linavyobadilisha kazi ya wanawake wanaonunua samaki ufuoni Dunga, Kisumu. Kwa tasnifu yake ya uzamifu amefuatana na wachuuzi hao tangu mashua zinapotia nanga hadi sokoni, akiandika siku ambazo gugu limefunga njia na bei inayolipwa siku hizo. Swali hili alilipata darasani, alipokuwa akifundisha Jiografia katika shule ya upili ambako wengi wa wanafunzi wake walikuwa watoto wa wachuuzi. Sasa ni mwanafunzi wa uzamifu na mhadhiri wa muda katika chuo kikuu cha umma magharibi mwa Kenya, na amechapisha makala mbili kuhusu biashara hiyo.»

Mifano yote miwili haifiki maneno 90, mtu ni yule yule, na hakuna neno la uongo katika wowote. Tazama kinachombakia msikilizaji baada ya kila mmoja. Baada ya mfano wa kwanza anajua kwamba Fulani amesoma, amefundisha na amechapisha, mambo ambayo ni kweli kwa nusu ya watu walioketi ukumbini. Sentensi ya mwisho, ambayo mwandishi aliidhania kuwa ndiyo inayomtambulisha, ndiyo dhaifu kuliko zote. Mazingira, jinsia na maendeleo ni mambo mapana ambayo idara nzima huundwa kwa ajili ya kila mojawapo, na anayetuambia kwamba anavutiwa na yote hayo hajatuambia akiamka asubuhi anakwenda kumwuliza nani jambo gani.

Mfano wa pili una ufuo, una mashua, una bei. Ukiutazama kwa jicho la sarufi utaiona siri yake. Katika mfano wa kwanza, sentensi nne kati ya sita zinasimama juu ya «ni» au «ana», yaani zinamweleza mtu kwa hali na kwa mali yake ya kitaaluma. Katika mfano wa pili, sentensi tatu za kwanza zinabebwa na vitenzi: anachunguza, amefuatana, akiandika, alilipata. Kiswahili ni lugha ambayo uzito wake uko katika kitenzi, na wasifu unaokinyima kitenzi nafasi husikika kama kadi ya mahudhurio.

Jambo ninalolipenda zaidi katika ulinganisho huu ni ile kazi ya ualimu. Katika mfano wa kwanza inasomeka kama muda uliopotea ambao mwandishi anaona haja ya kuutolea maelezo, kwa kuwa miaka sita imepita kati ya shahada moja na nyingine na wasomaji wa kamati hupenda kuuliza ulikuwa wapi. Katika mfano wa pili, darasa lile lile ndilo chanzo cha swali la utafiti. Huku kwetu watafiti wengi hurejea chuoni wakiwa tayari wamefundisha, wamefanya kazi kaunti, wamekuwa wauguzi au wamelima, na wengi wao huificha historia hiyo wakiamini kwamba si ya kitaaluma. Mimi naamini kinyume chake kabisa. Mtu aliyekiona kitu kwa macho yake kabla ya kukisoma vitabuni ana jambo ambalo mwenzake hana, na maneno ishirini ya kulieleza hayajapotea.

Na mfano wa pili umepoteza nini? Umepoteza shahada ya kwanza na ya uzamili, makongamano manne na vyama viwili. Shahada si hasara, kwa sababu anayesomea uzamifu hakuna anayemshuku kuwa hakupitia ngazi za chini. Idadi ya makongamano haielezi lolote kuhusu yaliyosemwa humo. Uanachama pekee ndio ningeufikiria tena: ikiwa kongamano limeandaliwa na chama ambacho Fulani ni mwanachama wake, maneno matatu ya kukitaja yana nafasi yake, kwani waandaaji hupenda kujua nani ni mwenyeji na nani ni mgeni.

Faida kubwa ya njia ya pili huonekana wakati wa maswali. Mwenyekiti aliyeusoma wasifu wa kazi ana pa kuanzia iwapo ukumbi umenyamaza, na ukumbi hunyamaza mara nyingi, hasa kikao kikianguka saa nane mchana baada ya chakula. Nimemwona mwenyekiti akiitazama karatasi, akainua macho na kumwuliza msemaji: «Umetuambia kuhusu bei, je, wachuuzi wenyewe husema gugu lilianza kuwasumbua lini?» Swali hilo lilitoka moja kwa moja katika wasifu, wala halikuwa katika ikisiri. Hakuna mwenyekiti awezaye kutunga swali kutokana na «ana shahada ya uzamili».

Mahali ambapo cheo hutangulia

Nisieleweke vibaya. Kuna mabaraza ambayo ningemshauri mtu aanze na cheo bila kusita. La kwanza ni lile ambalo yeye ndiye mzungumzaji mkuu. Anayealikwa kutoa hotuba elekezi hualikwa pamoja na ofisi yake au historia yake, na hadhira inataka kujua kwa nini saa nzima amepewa yeye. La pili ni mkutano unaochanganya wasomi na watunga sera. Kisumu ilipoupokea mkutano wa Africities mwezi wa Mei mwaka wa 2022, waliokutana walikuwa viongozi wa miji na serikali za mitaa kutoka pande mbalimbali za Afrika, na katika mkutano wa aina hiyo anayesema kwa niaba ya taasisi anapaswa kuitaja taasisi hiyo mapema, kwa kuwa maneno yake yatapimwa kama msimamo wa taasisi.

La tatu ni nyanja ambazo cheo ni sehemu ya ushahidi. Chanjo ya malaria ilipozinduliwa nchini Kenya mwaka wa 2019, uzinduzi ulifanyika Homa Bay, na tangu hapo makongamano ya afya katika eneo hili la ziwa hayakosi mada inayoihusu. Anayesimama kuzungumzia jambo hilo kama daktari wa watoto, kama mtakwimu au kama mwanaanthropolojia aliyewahoji wazazi anazungumza kwa mamlaka tofauti, na hadhira ina haki ya kujua ni ipi kabla hajafungua kinywa. Hapo cheo si pambo.

Hata katika mabaraza hayo, cheo hakihitaji sentensi nzima peke yake. Kinaweza kubanwa kama kirai ndani ya sentensi ya kazi: «Profesa Fulani, mkuu wa Idara ya Jiografia, amekuwa akichunguza uvuvi mdogo wa Ziwa Victoria tangu…» Itifaki imezingatiwa, kama tusemavyo kwenye hafla zetu, na bado msikilizaji ameondoka na jambo. Kwa wasomi wa ngazi ya kati, wenye cheo kinachostahili kutajwa lakini kisichojulikana na kila mtu, njia hii ya katikati ndiyo ninayoipendekeza mara nyingi zaidi.

Popote utakapokiweka cheo, kiwe sahihi. Aliyetetea tasnifu yake lakini hajatunukiwa shahada huku kwetu huanza kuitwa Daktari na marafiki siku ile ile, na kuitwa hivyo kwa furaha hakuna ubaya. Kuandika Dkt. katika kijitabu cha programu kabla ya mahafali ni jambo jingine, kwa sababu kijitabu ni hati, na hati hubaki. Andika kwamba umetetea tasnifu na unasubiri kutunukiwa. Vivyo hivyo kwa mhadhiri na mhadhiri mwandamizi, au profesa mshiriki na profesa kamili: anayesoma katika idara yako atajua, na kosa la neno moja litamfanya ayashuku hata yale uliyoyasema kwa usahihi.

Kuna pia suala la majina ya shahada, ambalo watu wa kusini mwa Nyanza wanalijua vizuri. Kenya tumezoea uzamili na uzamifu. Ukivuka mpaka pale Isebania ukaingia Sirare utakutana na uzamivu kwa shahada ya juu kabisa, na kwa ile ya kati utasikia umahiri pamoja na uzamili. Ikiwa kongamano linafanyika Tanzania, au kijitabu kinachapishwa huko, usibadilishe istilahi yako kwa kubahatisha. Tumia ile ya chuo kilichokutunuku, uitumie namna moja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Nafsi ya tatu na nafsi ya kwanza

Uamuzi huu ni mwepesi zaidi. Wasifu utakaosomwa kwa sauti na mwingine, au kuchapishwa kwenye kijitabu pamoja na za wenzako, uandikwe katika nafsi ya tatu. Wasifu utakaokaa kwenye bango unalosimama kando yake, au kwenye ukurasa wako mwenyewe wa intaneti, unaweza kuwa katika nafsi ya kwanza, na huwa na joto zaidi.

Wanaofikiri kwamba mwenyekiti atabadilisha mwenyewe hawajamwona akijaribu. Kugeuza «nimechapisha» kuwa «amechapisha» ni rahisi kwa macho. Ugumu uko katika viambishi vilivyojificha. «Swali lililonisumbua tangu nilipokuwa nikifundisha wanafunzi wangu» linahitaji mageuzi manne katika pumzi moja, na mwenyekiti aliyegeuza matatu akasahau la nne atakuwa amesema, mbele ya watu mia, kwamba wanafunzi ni wake yeye.

Nafsi ya tatu ya Kiswahili ina tabia moja ambayo waandaaji hukumbana nayo na waandishi hawaifikirii: kiambishi a- hakisemi kama mtu ni mwanamke au mwanamume. Ndani ya Kiswahili hilo ni jambo zuri. Lakini vijitabu vingi huku kwetu huchapishwa kwa lugha mbili, na anayeutafsiri wasifu wako kwa Kiingereza atalazimika kuchagua, naye akikisia kutokana na jina anaweza kukosea. Ongeza Bi. au Bw. katika barua inayouambatanisha wasifu, hata kama hutaki iwemo katika wasifu wenyewe.

Urefu, na hesabu ya saa

Hapa nina kidonda changu. Miaka ya mwanzo, katika kongamano moja mjini Kisumu, nilituma wasifu wa maneno karibu 300 kwa sababu ombi halikutaja kikomo. Mwenyekiti wetu, mtu makini sana, aliusoma wote kwa taratibu, akituama kila alipokutana na jina la jarida. Muda wangu ulikuwa dakika 15 na saa ilianza kuhesabu nilipoitwa jina, si nilipofika kwenye kipaza sauti. Mtunza saa aliponionyesha kadi ya dakika tano nilikuwa bado sijafika kwenye matokeo, na matokeo ndiyo yaliyonipeleka pale. Nilirudi nyumbani nikiwa nimetambulishwa vizuri na nisiyesikilizwa.

Tangu hapo hupiga hesabu. Kiswahili kinachosomwa kwa sauti na kwa heshima hakizidi sana maneno 100 kwa dakika, maana maneno yetu ni marefu. Kikao cha dakika 90 chenye wasemaji wanne wa dakika 15 kila mmoja hubakiwa na dakika 30 za maswali na mengineyo. Wasifu nne za maneno 300 zitakula dakika 12 kati ya hizo, ilhali nne za maneno 50 hazifiki hata dakika mbili na nusu. Kwa hiyo ninashauri kila mtu awe na mbili tayari: wa maneno 50 wa kusomwa na wa maneno 100 wa kuchapishwa, na autaje kila mmoja kwa kazi yake anapoituma. Wa maneno 250 unahitajika tu unapoombwa waziwazi, kwa kawaida na wanaofadhili safari au wanaokualika kama mzungumzaji mkuu.

Angalia pia kama kikomo kimewekwa kwa maneno au kwa herufi. Chukua neno «alizozikusanya». Kompyuta inalihesabu kuwa neno moja, ingawa limebeba mtenda, wakati, kirejeshi, yambwa na tendo lenyewe. Kikomo cha maneno 100 kinampa mwandishi wa Kiswahili nafasi pana kuliko kinavyompa anayeandika Kiingereza. Lakini fomu nyingi za mtandaoni huhesabu herufi, na «alizozikusanya» lina herufi 14. Faida yote inayeyuka, na aliyekuwa ametulia anaona sentensi yake ya mwisho imekatwa katikati ya jina la chuo.

Kiswahili kwanza au Kiingereza kwanza

Tangu UNESCO ilipoamua, mwaka wa 2021, kuitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, makongamano yanayoomba wasifu kwa Kiswahili yamekuwa yakipangwa karibu na tarehe hiyo, na wasomi wa nyanja nyingine, waliozoea kujieleza kwa Kiingereza pekee, hutuma tafsiri ya wasifu wao wa siku zote. Tafsiri hiyo huitambua haraka. Utasikia «mtafiti mwenye shauku kubwa ya mabadiliko», au «uzoefu mpana wa kufanya kazi na wadau mbalimbali», maneno ambayo hakuna mtu anayeyatumia akimweleza mwenzake, pale kwenye kituo cha mabasi cha Nakuru, jambo linalomshughulisha.

Kati ya kutafsiri na kuandika upya, andika upya. Njia rahisi ni kujibu, kwa sauti, swali la jamaa: shangazi au mjomba anayeuliza, «Mwanangu, huko chuoni unasoma nini hasa?» Mtu hamjibu shangazi yake kwa kusema «maeneo yanayonivutia». Humwambia, «Shangazi, nafuatilia akina mama wanaonunua samaki kule Dunga, nione gugu likijaa wanafanyaje.» Lisafishe jibu hilo, liinue hadi kiwango cha lugha ya ukumbini, na sentensi yako ya kwanza imepatikana. Baadaye, kama kijitabu ni cha lugha mbili, itoe ile ya Kiingereza kutoka kwenye hii ya Kiswahili. Nimegundua kwamba wasifu uliozaliwa hivyo huwa mzuri zaidi hata kwa Kiingereza.

Jina na mambo ya faragha

Katika eneo letu majina hufuata saa, msimu na tukio la kuzaliwa. Otieno ni wa usiku, Achieng' ni wa jua kali la mchana, Wafula ni wa msimu wa mvua. Kwa hiyo watafiti wenye jina moja la ukoo na herufi moja ya kwanza ni wengi, na kazi za mmoja huhesabiwa kuwa za mwingine. Kitambulisho cha ORCID, yaani nambari ya kipekee yenye tarakimu 16 inayomtofautisha mtafiti na wengine, kilianza kutolewa mwaka wa 2012 na mtafiti hukipata bure. Kukiweka mwishoni mwa wasifu wa kuchapishwa kunawasaidia wasomaji kuliko kutaja vyama vitatu. Katika wasifu wa kusomwa kwa sauti hakina kazi. Muhimu vilevile ni kuandika jina lako kwa mpangilio ule ule uliotumia katika makala yako, hata kama nyumbani unaitwa vingine.

Wasifukazi wa kuombea kazi umetuzoesha kutaja tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, nambari ya kitambulisho na ya simu, na bado naziona zikiingia kwenye wasifu wa kongamano. Hazina nafasi humo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka wa 2019, na waandaaji waangalifu huzifuta, lakini kijitabu kikishatumwa mtandaoni hakirudi. Anwani ya barua pepe ya chuo inatosha.

Na ukitetea tasnifu, ukapandishwa cheo au ukahamia chuo kingine baada ya kutuma, mwandikie katibu siku hiyo hiyo, kwa sababu kijitabu kwa kawaida huenda kwa mchapishaji wiki moja au mbili kabla ya kongamano na hakuna anayekumbuka kukuuliza. Unapoandika, ambatanisha tena na ule mfupi wa kusomwa. Huu hapa wa Fulani, maneno 50 kamili:

«Fulani anachunguza jinsi gugumaji la Ghuba ya Winam linavyobadilisha kazi ya wanawake wanaonunua samaki ufuoni Dunga, Kisumu, na amechapisha makala mbili kuhusu biashara hiyo. Alifundisha Jiografia katika shule ya upili kwa miaka sita. Sasa ni mwanafunzi wa uzamifu na mhadhiri wa muda katika chuo kikuu cha umma magharibi mwa Kenya.»